Siku Vumilia Alipokuja Kulidai Neno "Wote"

Wanangu mnaosomea kazi ya kutembeza wageni, mwalimu wenu ameniomba niwaeleze namna ya kukitangaza kivutio, na akasisitiza nizungumzie mafanikio. Mafanikio nitayafikia, pumzi ikinitosha. Ila mimi kazi hii sikujifunza kwa kufanikiwa. Nilijifunza kwa kuaibika, na aibu yenyewe niliipata saa nne asubuhi, kwenye maegesho ya magari, mbele ya watu saba waliokuwa wamevaa makoti yao mazuri ya kutokea.

Naitwa Obedi Mtewele. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni hapa Njombe. Tulikuwa na chumba kimoja ghorofani, gari moja lisilopenda kuwaka asubuhi za Juni, na bosi mmoja, Mama Mgaya, mwanamke wa Kibena aliyeianzisha kampuni ile baada ya kuchoka na biashara ya mbao. Mimi nilikuwa mwandishi wa vipeperushi, mpiga picha, mwongoza wageni, na gari likigoma, msukumaji mkuu.

Kivutio chetu cha kujivunia kilikuwa maporomoko ya Itulu. Maji yanatoka kwenye msitu wa mianzi, yanapita kando ya mashamba ya chai, halafu ghafla ardhi inaisha. Ukisimama chini, manyunyu yanakulowesha mpaka fulana ya ndani. Kushuka huko kuna ngazi za mawe, na kila ngazi inaonekana ilichongwa na mtu mwenye maoni yake kuhusu urefu wa hatua ya binadamu.

Mwaka wa aibu ile nilikuwa nimetoa kipeperushi kipya. Juu picha ya maporomoko, chini yake kwa herufi nene: "Itulu: Panafikika kwa Urahisi, Karibuni Wote." Mnataka kujua kwa nini niliandika "wote"? Kwa sababu lilienea kwenye nafasi iliyobaki. Hakuna sababu nyingine. Maneno mengi ya matangazo mnayoyaona barabarani yamezaliwa hivyo hivyo.

Nakala moja ikafika stendi ya Makambako, ikabandikwa kwenye kibanda cha tiketi za mabasi cha dada mmoja aitwaye Vumilia Sanga. Wakati ule sikumjua. Alikuwa Mkinga wa Makete, kijiji cha jirani na Bulongwa. Polio ilimpata akiwa mdogo, miguu ikabaki myembamba, na alitumia kiti mwendo. Makambako alikuja kutafuta maisha kama tulivyokuja wengi.

Akanipigia simu. Akauliza kama nafasi za watu saba zipo Jumamosi. Nikamwambia zipo tele.

"Na hili neno 'wote' mmelimaanisha?"

Nikacheka. "Dada, wote kabisa!"

"Haya, asante," akasema, akakata.

Jumamosi Hiace ikaingia kwenye maegesho. Mlango ulipofunguliwa hakikutoka kichwa cha mtu, kilitoka kiti mwendo kilichokunjwa. Kikafuata cha pili. Yakafuata magongo jozi mbili, halafu fimbo nyeupe, na nyuma ya fimbo mwalimu mstaafu mrefu, Mwalimu Zebedayo, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa bado anafundisha huko Wanging'ombe. Kilikuwa kikundi cha watu wenye ulemavu wa Makambako. Walikuwa wameamua kwamba mwaka huu hawatafanya semina, watatembea.

Nilisimama pale na tabasamu langu la kazini, nalo taratibu likanikauka usoni. Vumilia akakisogeza kiti chake mpaka ukingoni, akatazama chini. Ngazi zinakata kona na kuingia kwenye miti, na maporomoko huyaoni ukiwa juu. Unayasikia tu.

"Ziko ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nimezipanda na kuzishuka ngazi zile miaka nenda rudi, na sikujua. Ikabidi nishuke nikizihesabu, nirudi nikihema. "Mia moja na kumi na mbili."

Mimi, kwa kutaka kuokoa siku, nikafanya kosa juu ya kosa. Nikamwambia, "Dada usiwe na wasiwasi, vijana wa shamba la chai wapo hapo, wana nguvu. Nitawaita wakubebe. Hata mimi mgongo wangu upo."

Akanitazama bila hasira. Ingekuwa hasira ningeielewa.

"Mama yangu alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka nilipofika darasa la nne," akasema. "Ule ulikuwa mgongo wa mama. Wako siujui."

Wenzake wakatandika vitenge kwenye nyasi, wakafungua chupa za chai, viazi vya kuchemsha na maparachichi. Wakanikaribisha pia. Nimekula vyakula vingi maishani, lakini kiazi kile sijakisahau. Walipokuwa wakiondoka, Vumilia akanipa kile kipeperushi, amekikunja mara nne.

"Kaka Obedi, hili neno ama ulifute ama ulitimize. Usiliache hivi hivi."

Jioni nikamsimulia Mama Mgaya. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani akitaka kukusema.

"Umewaomba radhi?"

"Nimewaomba, Mama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maneno."

"Maneno ndiyo yaliyokukosesha," akasema, akavaa miwani. "Jumatatu nenda Makambako. Na safari hii nenda ukasikilize."

Nikaenda. Kibanda cha Vumilia kilikuwa na watu, nikalazimika kusubiri, na nikisubiri nikaanza kuelewa nimekutana na mtu wa namna gani. Mnaijua Makambako: mabasi ya Songea, ya Mbeya, ya Dar, yote yanapita pale, na wapiga debe wanaweza kukuapia kwamba basi linaondoka sasa hivi wakati dereva bado anaoga. Vumilia hakupaza sauti. Abiria mmoja akamwuliza kama kuna nafasi ya kwenda Iringa.

"Ipo ya nyuma, baba. Ila dirisha la siti hiyo halifungi vizuri, utapigwa na baridi mpaka Mafinga. Kama una koti kaa, kama huna subiri la saa sita."

Yule baba akajipapasa, akaona koti lipo, akakata tiketi. Nyuma yake wakasogea wengine. Makambako nzima ilijua: Vumilia akisema saa nne ni saa nne, na gari likiwa bovu atakwambia ni bovu. Kwa hiyo watu walimpita kila mtu wakaja kwake. Mimi mwenye cheti cha masoko nilisimama pale na kipeperushi changu mfukoni, nikajiona mwanafunzi.

Alipopata nafasi nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi. Akaniinulia mkono.

"Kaka Obedi, mimi siko tayari kuonewa huruma. Ninachotaka ni taarifa. Ungeniambia kuna ngazi mia na kumi na mbili ningeamua mwenyewe. Pengine ningekuja hivyo hivyo nikakaa juu, nikanywa chai yangu kwa furaha, kwa sababu hicho ndicho ningekuwa nimekuja kufanya. Wewe uliniita nije nione, halafu nikakuta mlango umefungwa. Umeona tofauti?"

Nikasema nimeiona. Nikamwomba aje afanye kazi na sisi, hata kwa siku mbili za wiki.

"Kazi gani?"

Nikasema, kwa upumbavu, "Tutakupiga picha za matangazo."

"Sitakuja kuwa picha," akasema. "Nitakuja kuwa mfanyakazi. Picha tutaiona baadaye."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama Mgaya alihamisha ofisi yetu kutoka ghorofani kwenda chumba cha chini, kilichokuwa na unyevu na harufu ya viazi mbegu vya mpangaji aliyetangulia. Tulilalamika sote. Baada ya mwezi tukagundua kuwa hata wazee wa kawaida, waliokuwa wakituona juu na kupita zao, sasa wanaingia kuuliza.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana ujuzi. Vumilia alinunua futi ya fundi cherehani, ile ya kukunja, akaanza kuzunguka nami kila mahali tunapopeleka wageni. Alipima upana wa mlango wa choo. Aliangalia kama mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje, kwa sababu ukifunguka kwa ndani, mwenye kiti akishaingia hawezi kuufunga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye biashara hii nusu ya umri wangu na sikuwahi kuutazama mlango wa choo unafungukia wapi. Aliuliza changarawe ni za kushindiliwa au za kumwagwa tu. Aliuliza kati ya benchi na benchi ni hatua ngapi. Vyote akaviandika kwenye daftari.

Mwenye nyumba ya wageni moja huko Wanging'ombe alitupokea kwa fahari kubwa. Alikuwa amesikia habari zetu akajenga mtelezo wa saruji mlangoni wa kupitishia viti mwendo, hata rangi alikuwa ameupaka. Vumilia akautazama juu mpaka chini.

"Baba, umefanya jambo jema sana. Lakini huu ni wa kushushia magunia ya viazi. Mimi nikishuka hapa, mtanichukulia barabarani."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Tuliporudi mara nyingine alikuwa ameurefusha, umelala vizuri, na kuku wake walikuwa wakiutumia kuliko wageni.

Msidhani niliacha kukosea. Kuna wakati Vumilia alikwenda kwao Makete kumwuguza mama yake, na mtu wa kuchapa alikuwa akisubiri picha. Nikaazima kiti mwendo kwenye zahanati, nikamkalisha binti wa dada yangu, msichana mzuri mwenye miguu yake miwili mizima, nikampiga picha mbele ya maua ya porini. Picha ilipendeza kweli. Vumilia aliporudi nikamwonyesha kwenye simu nikitegemea sifa.

"Huyu hajawahi kukaa kwenye kiti hiki," akasema.

"Umejuaje?"

"Yuko mtelemkoni na breki hajafunga. Magurudumu hayana hata tope, kana kwamba ameshushwa na malaika. Kiti kinamzidi kama ameazima koti la baba yake. Na wewe umempiga ukiwa umesimama, kwa hiyo anaonekana kama mtoto anayesubiri kuchukuliwa." Akanirudishia simu. "Watu wenye viti wapo, Kaka. Kwa nini umtafute wa kuigiza?"

Binti wa dada yangu mwenyewe, aliposikia, akasema alikuwa ameona aibu tangu mwanzo ila aliniheshimu mjomba wake.

Tangu hapo tulifuata kanuni mbili za Vumilia, nanyi nawaachia. Ya kwanza: mpige mtu picha akifanya kile alichokuja kufanya. Kama amekuja kula, ale. Kama amekuja kutazama ndege, atazame ndege. Usimpige akiwa mlemavu tu, kama vile hiyo ndiyo kazi yake. Ya pili: shusha kamera mpaka usawa wa macho yake. Suruali zangu zote zilichakaa magoti, na mke wangu alidhani nimeokoka.

Mwalimu Zebedayo naye alinifundisha la kwake. Tulimwomba atusaidie maelezo ya kurekodi, ili mtu asiyeona akifika Itulu asikilize kwenye simu. Yeye ngazi alizimudu, mkono mmoja kwenye bega langu, fimbo mkono wa pili. Nami njia nzima nikawa nafanya kazi yangu: huku ni mianzi, huku ni jiwe kubwa, hapa Wabena wa zamani walipumzika. Tulipofika chini akasimama, akainamisha kichwa.

"Haya maporomoko yako mangapi?"

"Ni moja, Mwalimu."

"Mawili. Kuna dogo kule kulia, linaanguka kwenye kitu kilicho wazi ndani. Pango, pengine."

Nikamwambia nimekuja hapa mara zisizohesabika. Akasema sawa, nenda ukatazame. Nikapita juu ya mawe, nikasukuma vichaka, na nyuma ya mwamba nikakuta maji membamba yanadondokea ndani ya uwazi wenye giza, yanalia kama ngoma ndogo. Nikarudi nimelowa, nikaanza kumsifu: Mwalimu, kweli Mungu akikunyima macho anakupa masikio ya ajabu!

"Acha hayo," akasema. "Masikio yangu ni ya kawaida, na la kushoto lina uziwi. Ila wewe umeongea tangu tushuke kwenye gari. Mimi nilinyamaza tu."

Leo wageni wote wanapelekwa kwenye lile dogo, wanaoona na wasioona. Na mwongozaji anayewapeleka ameagizwa anyamaze kwanza, angalau dakika mbili. Vijana wengi wanashindwa.

Lakini shina la yote lilikuwa njia. Unaweza kuandika ukweli kwamba ngazi ni mia moja na kumi na mbili na hazina mkono wa kushikia, na tuliandika. Neno "wote" tulilifuta kwenye toleo lililofuata. Mama Mgaya aliogopa wageni watapungua. Hawakupungua. Ila Vumilia mwenyewe, aliyekuwa akiuza Itulu kwa simu kila siku, alikuwa bado hajaiona.

Akaomba kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji cha Itulu. Mimi nilikuwa nimemwandalia hotuba kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kurasa tatu. Hakuisoma. Akawasalimia wanakijiji kwa Kibena, "Kamweneni." Wakaitikia. Akawauliza swali moja tu: "Humu ndani, ni akina nani hawajayaona maporomoko yenu tangu magoti yaanze kuuma?"

Watu wakatazamana. Halafu kikongwe mmoja, Bibi Semeni, akanyanyuka kwa kushikilia fimbo na bega la jirani.

"Mimi nimezaliwa hapa," akasema. "Nayasikia kila siku nikilala na nikiamka. Mara ya mwisho kuyaona, mume wangu alikuwa hai. Wageni wanatoka Ulaya wanayaona. Mimi nayasikia tu."

Mwanawe alikuwa amekaa mstari wa mbele, mwanamume mzima mwenye shamba kubwa la miti. Niliona akiinamisha uso. Akainuka akasema, "Mama, hujawahi kuniambia." Bibi akajibu, "Ningekuambia ili unibebe?"

Hakuna aliyeleta hoja nyingine. Kijiji kikaamua kuchimba njia ya kuzungukazunguka, isiyo na ngazi, kutoka maegesho hadi kwenye bega la mlima lililo katikati, ambapo maporomoko yanaonekana yote. Chini kabisa isingewezekana, ni mwamba mtupu, na hatukumdanganya mtu. Walichimba kila Alhamisi, msimu mzima wa kiangazi. Wenye mashamba ya miti walitoa mbao za uzio. Vumilia alikuwepo kila Alhamisi na futi yake, na kila walipochimba kwa haraka akawarudisha: "Hapa pamesimama mno, baba zangu. Zungukeni tena." Walimwita Injinia. Mwanzoni kwa utani.

Siku njia ilipokamilika, Vumilia na Bibi Semeni walitangulia. Mmoja anasukuma magurudumu yake kwa mikono yake, mwingine anasogea na fimbo, na kijiji kizima nyuma yao kinatembea mwendo wa wale wawili. Walipofika kwenye uzio upepo ukageuka, ukawamwagia manyunyu usoni. Bibi akapiga kelele kama msichana. Vumilia akacheka, kichwa kimeenda nyuma, mikono yote miwili imeshika mbao za uzio. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope tayari. Nikapiga.

Picha hiyo ndiyo iliyotuletea jaribu kubwa. Kulikuwa na wakala mmoja mkubwa kutoka Dar, jina lake silitaji, aliyekuwa tayari kutuletea wageni mwaka mzima, kila wiki kundi. Kwa kampuni kama yetu, hiyo ilikuwa kufa au kupona. Gari letu lilikuwa limeshachoka kabisa. Akaja ofisini, akapitia kitabu chetu kipya cha vivutio, akasifu karatasi, akasifu ramani. Kisha akaweka kidole juu ya jalada.

"Hii tubadilishe. Ni picha nzuri, lakini mteja anaenda likizo. Akiona kiti mwendo na bibi kizee mbele, atadhani anapelekwa hospitali. Iwekeni ndani huko, ukurasa wa nyuma. Mbele tafuteni wasichana wawili wazuri."

Vumilia alikuwa amekaa mezani pale pale, kalamu mkononi. Alikuwa amezungumza naye kwa simu mara nyingi na yule bwana alimsifu sana sauti yake. Nadhani hakuwa ameunganisha sauti ile na dada huyu wa kwenye picha.

Nilimtazama Mama Mgaya. Aliivua miwani.

"Huyu ni mwenzangu, anaitwa Vumilia Sanga," akasema. "Ndiye aliyepima kila mlango uliomo kwenye kitabu hiki. Swali lako mwulize yeye."

Yule bwana akababaika, akasema hakukusudia vibaya, biashara ni biashara. Vumilia akamjibu kwa sauti ile ile ya kibandani.

"Sikukasirikii, kaka yangu. Nakueleza tu kilicho kwenye picha. Hapo hakuna mgonjwa. Hapo kuna watu wawili, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, wamefurahi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye tangazo la likizo. Ukiona hospitali, hiyo umekuja nayo."

Yule bwana hakusaini mkataba. Alikunywa chai yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Na sitawadanganya kwamba kesho yake mlango ulijaa wageni. Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Tuliuza gari. Nilipeleka wageni Itulu kwa bodaboda, mvua ikininyeshea, nikijiuliza kama msimamo unaliwa na ugali gani. Usiku mmoja nilimwambia Mama Mgaya kwamba labda tungeiweka ile picha ndani. Akanijibu kwamba yeye aliwahi kuuza mbao zenye ufa kwa kupaka rangi juu ya ufa, na hajasahau uso wa aliyezinunua. Hatukulizungumzia tena.

Wageni walianza kuja taratibu, na walikuja wa aina tusiyoitegemea. Wauguzi wastaafu kutoka Lugarawa, wazee wenye shida za moyo na pumzi, waliosoma kwamba kati ya benchi na benchi ni hatua arobaini wakajua watamudu. Kina mama wenye watoto wachanga. Familia moja ya Iringa yenye kijana mwenye ulemavu, ambao miaka yote walikuwa wakienda matembezi kwa zamu ili mmoja abaki naye nyumbani. Baba yao aliniambia hiyo ndiyo mara ya kwanza wametoka wote kwa siku moja. Alisema akiwa ananipa mgongo, anatazama maji.

Ndipo Vumilia akalirudisha lile neno kwenye kitabu, ila kwa namna yake. Aliandika: "Kwenye uzio wa kati, wote mnafika. Chini kabisa, ngazi 112, wengi wetu hatufiki." Tazameni hapo aliposema "wetu". Mimi nisingeweza kuiandika sentensi ile hata ningepewa mwaka.

Mama Mgaya alipozeeka alimwachia Vumilia kampuni, si mimi, na alikuwa sahihi. Vijana wenzenu waliofundishwa na Vumilia sasa wako Njombe, Makete, mpaka Mbeya, nao wakifika mahali popote kitu cha kwanza wanatazama mlango wa choo. Nikiwaona huwa nacheka peke yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Itulu. Nimestaafu, goti la kulia halikunji vizuri, na daktari amenipa fimbo ambayo bado tunagombana nayo. Nilidhani nitapita mlangoni kimyakimya, lakini Vumilia alikuwepo, ana wageni wake. Akawaacha na mwongozaji, akaja.

"Kaka Obedi, unapenda niende na wewe, au unataka kwenda peke yako?"

Wanangu, sikuwahi kujua uzito wa kuulizwa hivyo mpaka siku hiyo. Watu wengi siku hizi wananishika mkono kabla hawajanisalimia. Nikamwambia twende wote.

Tukaingia kwenye njia. Yeye anakwenda na magurudumu yake kwa urahisi, mikono imezoea, na mimi nyuma nahesabu hatua. Kila benchi nilikaa. Kwenye kona ya tatu nikaona anasimama kunisubiri, nikaona haya, mimi niliyekuwa nikiruka ngazi zile mbili mbili. Nikaanza kuharakisha, nikijifanya sihemi.

Akafunga breki, akageuka.

"Taratibu, Kaka," akasema. "Maji yaliyopita yamepita. Mengine yanakuja."